Mhindi gani huyo mnayemwandika?

Ndugu Mhariri,

Kila Diwali ikikaribia, kurasa za "utamaduni wa Kihindi" hujaa magazetini na kwenye simu zetu. Picha ni zile zile: mwanamke wa sari nyekundu aliyeunganisha viganja, sahani ya biriani, vitaa vya udongo, na kama ni video, sitar inalia chini kwa chini. Maneno nayo ni yale yale: Wahindi hawali nyama, Wahindi hunywa chai ya viungo, Wahindi husalimiana "namaste". Nia ni njema, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba nyumba inayoelezwa humo haipo. Ukishuka India na kurasa hizo mkononi, huoni mlango wa kubisha hodi.

Ipo nyumba ya Wajaini (wafuasi wa dini inayokataza kudhuru kiumbe hai) kule Ahmedabad, ambako viazi, vitunguu na karoti haviingii jikoni kwa sababu huchimbwa ardhini, na chakula cha jioni huliwa kabla jua halijazama. Ipo nyumba ya Wabengali Kolkata, ambako samaki ni wa kila siku na hata kwenye harusi ana nafasi yake. Ipo ya Waislamu Hyderabad, ya Wakristo wa Kerala, ya Masingasinga Amritsar. Katiba ya India inaorodhesha lugha 22. Na hilo la kutokula nyama ndilo potofu kuliko yote: wengi wa Wahindi hula nyama, samaki au mayai, hata kama si kila siku. Wasiokula kabisa wamejaa zaidi Rajasthan, Haryana, Punjab na Gujarat. Ukienda Kerala au Bengal Magharibi ni wachache mno.

Sisi wasema Kiswahili hatuna hata kisingizio. Wazee wetu walijua kutofautisha: Baniani, Bohora, Ismailia, Ithnaasheri, Kalasinga, Mgoa. Si kila jina lilitamkwa kwa heshima (anayesema "Baniani mbaya kiatu chake dawa" hamsifu Baniani), lakini walau walijua wanamsema nani. Leo wote ni "Mhindi" na wote husema "Kihindi". Neno hilo la pili linatuponza kwa sababu kwetu linabeba mambo mawili: lugha ya Hindi, na kitu chochote kitokacho India. Mwandishi anasikia watu wakiongea dukani Dar es Salaam au Mombasa, anaandika "walizungumza Kihindi". Mara nyingi walikuwa wakizungumza Kigujarati au Kikachi. Akiuliza swali moja tu, "Hii ni lugha gani?", amepata jibu, na kwa jibu hilo amepata nusu ya habari: mkoa, na huenda hata jiko lake.

Jiko ndilo nataka kulikalia, maana huko ndiko msomaji wetu anakopotoshwa zaidi. Hapotoshwi na mambo asiyoyajua. Anapotoshwa na yale anayodhani anayajua.

Chapati kwa mfano. Mwandishi akiandika "asubuhi walikula chapati", msomaji wa Tanga anaona chapati yake: unga mweupe wa ngano, mafuta ndani ya donge, ikasukumwa, ikapakwa mafuta, ikaviringishwa kama konokono, ikasukumwa tena na kukaangwa. Hiyo kule India ni ndugu wa paratha. Chapati ya kila siku kaskazini na magharibi mwa India, ambayo Wagujarati huiita rotli na wengi huiita roti au phulka, ni kitu kingine. Unga ni atta, yaani ngano iliyosagwa na pumba zake. Vikombe 2 vya unga, maji kama robo tatu ya kikombe yakimwagwa kidogo kidogo, chumvi wengine hutia wengine hawatii, mafuta hayalazimiki. Donge hufunikwa kwa kitambaa kibichi dakika 20 hadi 30. Linatoa chapati 8 hadi 10, kila moja upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Tawa, yaani kikaango bapa, iwe imepata moto kwanza. Upande wa kwanza sekunde 15 hadi 20 tu, mpaka vijipele vianze kutokeza. Geuza, upande wa pili uache zaidi, upate madoa ya kahawia. Kisha itupe juu ya moto wenyewe, bila tawa. Inafura kama puto. Ikishatolewa ndipo hupakwa samli, kama inapakwa.

Anayerekodi video hungojea pale inapofura, na mara nyingi haifuri. Sababu zake zinajulikana. Imesukumwa kingo nyembamba na katikati nene. Au imechanika tundu dogo la sindano, mvuke unapotelea humo. Au tawa ilikuwa baridi, chapati ikakauka kabla mvuke haujajikusanya. Au upande wa kwanza umeachwa mno, ngozi yake ikawa ngumu. Hayo yakielezwa, msomaji anaweza kupika. Yakiachwa, amebaki na picha ya puto.

Na si kila mahali ni ngano. Vijijini Gujarat kuna rotlo, mkate mnene wa unga wa uwele unaotandazwa kwa viganja. Kusini wali ndio mkuu, na asubuhi ni idli (vikate laini vya mvuke) au dosa (mkate mwembamba wa uji wa mchele uliochachuka), si chapati. Vivyo hivyo chai. Nyumba nyingi za Tamil Nadu hufungua siku kwa kahawa ya chujio iliyochanganywa na chikori (mzizi unaokaangwa na kusagwa), ikimiminwa kutoka bilauri ya chuma kwenda kibakuli chake na kurudishwa mpaka itoe povu. Ukiweka picha ya chai ya iliki kwenye habari ya Chennai, mwenyeji atajua hukufika.

Kwa wanaokunywa chai, nao wana kanuni ambayo video nyingi huivunja. Kwa watu wawili: maji kikombe 1, maziwa kikombe 1, majani vijiko vya chai 2, iliki mbili tatu zilizopasuliwa, kipande cha tangawizi kilichopondwa. Tangawizi huchemka kwenye maji kwanza, dakika mbili tatu, ndipo maziwa yaingie. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa; moto ndio unaokiua. Anayetupia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya vuguvugu akapata mtindi, asilaumu maziwa.

Biriani nayo. Ya pwani yetu tunaijua: nyama na rojo lake kando, wali wa rangi kando, vinakutana sahanini. Ile maarufu ya Hyderabad, ya kachchi, nyama huingia chunguni ikiwa mbichi. Kilo 1 ya nyama ya mbuzi mchanga hulala na mtindi kama robo kilo, papai bichi lililosagwa vijiko viwili vikubwa, vitunguu vya kukaanga, tangawizi, kitunguu saumu na viungo. Mchele hulowekwa nusu saa, huchemshwa kwenye maji mengi ya chumvi na kumwagwa maji ungali haujaiva: ukiikata punje kwa kucha, ndani bado kuna kijiti cheupe. Wali hutandazwa juu ya nyama, kifuniko huzibwa kwa donge la unga, moto mkali mpaka mvuke uanze kusukuma, kisha chungu hupandishwa juu ya tawa na moto hushushwa kwa dakika 40 hivi. Mtindi ukiwa na maji mengi, tabaka la chini linakuwa uji. Mchele ukiiva mno kabla, juu kunakuwa bokoboko. Nyama ikiwa ya mnyama mzee, utafungua kifuniko ukute wali mzuri umekalia nyama ya kutafuna hadi kesho. Kolkata wao hutia kiazi, tabia inayohusishwa na jiko la Nawab Wajid Ali Shah, mtawala wa Awadh kaskazini mwa India, aliyefika huko mwaka 1856 baada ya Waingereza kumpokonya utawala. Sasa "biriani ya Kihindi" ni ipi kati ya hizo? Andika mji.

Kuna kitu kimoja ninachokiona kinarukwa kila mara, nacho ndicho kinachoitambulisha nyumba haraka kuliko mavazi: mafuta. Gujarat ni ya karanga. Kerala ni ya nazi. Bengal ni ya haradali, nayo huachwa yapate moto mpaka yaanze kufuka moshi ndipo ukali wake upungue. Katika mafuta hayo hutupwa viungo vya kuamshia chakula, kazi ambayo Wahindi wa kaskazini huiita tadka na Wagujarati vaghar. Mpangilio una sababu. Mbegu za haradali kwanza, nusu kijiko cha chai, na zisubiriwe zipasuke zote; zisipopasuka zinabaki chungu mdomoni. Halafu bizari nyembamba, halafu mvuje kwa ncha ya kisu, halafu majani ya mchuzi (jitenge, yanarusha mafuta). Manjano na pilipili ya unga huingia mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, maana huungua kwa sekunde chache na chungu chote kikanuka. Wabengali wao hutumia mchanganyiko wa mbegu nzima za aina tano, zikiwamo uwatu, habasoda na shamari. Tazama jinsi Kiswahili kilivyo tajiri hapa: mvuje, uwatu, habasoda, shamari, iliki, haradali. Hakuna haja ya kuandika "viungo vya siri vya Kihindi". Si siri, vinauzwa Kariakoo kwa majina yake. Sukari guru ile ile inayotiwa kwenye dali ya Kigujarati kuipa utamu imekuja kwetu na jina lake.

Na dali hiyo yenyewe imetengenezwa kwa mbaazi! Toor dal ni mbaazi zilizokobolewa na kuparazwa. Mkulima wa Babati, Lindi au Mtwara anakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje na bei ikaanguka huku kwetu. Ni ajabu kwamba tunaandika kurasa nzima za vyakula vya Kihindi na mkulima huyo haambiwi zao lake linafanywa nini huko: kikombe 1 cha mbaazi, maji vikombe 3, manjano nusu kijiko cha chai, kwenye sufuria ya presha mpaka ipige filimbi tatu nne. Filimbi hizo ndizo saa ya jikoni India. Mapishi ya nyumbani hayasemi dakika, husema filimbi. Anayetaka sauti ya kweli kwenye video yake aachane na sitar, arekodi filimbi ya sufuria ya presha mbele ya dirisha, saa tano asubuhi.

Kuhusu vipimo, mama wa nyumba atakwambia anapika kwa "andaaz", kwa kukadiria. Msimlazimishe ataje vijiko. Atataja chochote ili mumwache apike. Njia iliyo rahisi ni mizani ndogo ya jikoni. Pima kopo la manjano kabla hajaanza, lipime tena akimaliza, toa. Fanya hivyo kwa chumvi, kwa mafuta, kwa unga. Mtindi na maji vipimwe kwa chombo kile kile anachotumia yeye, kisha ujue chombo hicho kinabeba mililita ngapi. Na rudi siku nyingine upime tena, kwa sababu siku ya kamera watu hupika kwa samli nyingi.

Sasa picha. Kosa linalorudiwa kuliko yote halihusu mavazi wala taa. Ni picha iliyogeuzwa kushoto kulia. Kamera ya mbele ya simu hufanya hivyo yenyewe ikiwa imewekwa kuhifadhi picha kama kioo, na wapo wahariri wanaogeuza picha makusudi ili mtu aangalie upande wa maandishi. Kwenye picha za mpira labda hakuna atakayejali. Kwenye maisha ya Kihindi unakuwa umebadilisha maana. Mtu anayekula kwa mkono wa kulia sasa anakula kwa kushoto. Anayezunguka madhabahu huku ubavu wake wa kulia ukiielekea sasa anazunguka kinyume. Jani la mgomba la Kerala, ambalo hutandikwa ncha ikiwa kushoto kwa mlaji, limegeuka. Na swastika (msalaba wenye ncha zilizokunjwa, alama ya heri kwao) inayochorwa kwa rangi nyekundu kwenye daftari jipya la hesabu au mlangoni, ambayo tayari inahitaji maelezo kwa msomaji aliyeijua kutoka vita vya Hitler, imeelekea upande usio wake.

Sari inanasa zaidi. Ni kitambaa kimoja, kwa kawaida kama meta 5.5, ile ya Maharashtra ya yadi 9 hukaribia meta 8.2. Mtindo unaoonekana sana siku hizi, wa nivi, huanzia kiunoni upande wa kulia: kitambaa huchomekwa kwenye sketi ya ndani, huzungushwa mara moja, hukunjwa mikunjo mitano hadi saba yenye upana wa vidole vinne vitano ikielekea kushoto, huchomekwa chini ya kitovu, na kilichobaki hupanda bega la kushoto na kuning'inia mgongoni. Wagujarati, kwa mtindo wao wa asili, hukitoa mgongoni kikapita bega la kulia na kutandazwa kifuani. Kwa hiyo picha ya nivi iliyogeuzwa inaonyesha bega la Gujarat lenye mgongo wa nivi, vazi ambalo si la nivi wala si la Kigujarati. Kabla ya kuchapisha tafuteni maandishi yoyote kwenye picha, au vifungo vya shati la mwanamume: vifungo viwe upande wake wa kulia.

Kwa wanaovalisha watu kwa ajili ya video, mawili matatu. Sketi ya ndani iwe ya pamba na kamba ifungwe kwa nguvu. Ya hariri inateleza na mikunjo yote itamwagika katikati ya kazi. Viatu vivaliwe kwanza, ndipo sari ipimwe urefu. Na msimvalishe bibi harusi wa Kerala nyekundu kwa sababu tu mmeona filamu. Sari ya asili huko ni ya rangi ya maziwa yenye pindo la dhahabu. Hesabu mizunguko ya moto pia: Wagujarati huzunguka mara nne, na wengi wa kaskazini mara saba.

Hina inatuhusu moja kwa moja. Hina ya kweli ikibanduliwa huwa ya rangi ya chungwa, na hukolea kuwa kahawia nzito baada ya siku moja hadi mbili, hasa kiganjani ambako ngozi ni nene. Hukaa saa 6 hadi 8, hupakwa maji ya ndimu na sukari isipukutike, hukwanguliwa bila kuoshwa. Video inayoonyesha michoro myeusi tii saa ile ile na kuiita "mehndi ya asili" inaonyesha rangi ya nywele, sawa na piko nyingi za huku kwetu, na kemikali yake huweza kutoa malengelenge. Hapo kosa la mwandishi linafika kwenye ngozi ya mtu.

Tarehe ya Diwali isinakiliwe kutoka mwaka jana. Hufuata mwezi mwandamo, usiku wa giza la mwezi, Oktoba au Novemba. Mwaka 2024 giza hilo lilianza alasiri ya Oktoba 31 na kuisha jioni ya Novemba 1, hivyo wengine walisherehekea leo na wengine kesho, na kila upande ulikuwa na hoja. Wagujarati hufungua mwaka mpya baada yake, na wafanyabiashara wao huombea madaftari ya hesabu. Bengal usiku huo ni wa mungu wa kike Kali. Wajaini humkumbuka mwalimu wao Mahavira, Masingasinga humkumbuka kiongozi wao wa dini, Guru Hargobind, alipotoka gerezani Gwalior. Ukiandika "sherehe ya Wahindi ya kumkaribisha mungu Rama" umewaacha nje wote hao. Vitaa vya udongo, kama mnavirekodi, vilowekwe kwenye maji saa chache na kuanikwa kabla ya kutia mafuta, ama sivyo udongo utayanywa mafuta na utambi utazimika kabla hujapata picha.

Ruhusa nayo si jambo la kusukumia pembeni. Chumba cha ndani cha hekalu, anakokaa mungu mwenyewe, aghalabu hakipigwi picha hata kama ua unapigwa. Mahali pa kuchomea maiti Varanasi si mandhari. Pale kuna watu wamefiwa. Na nyumbani kwa mtu, uliza kama viatu vinaingia jikoni. Mara nyingi haviingii.

Ombi langu kwenu ni dogo na halina gharama. Chini ya kila picha pawe na mji, jamii, msimu na jina la kitu kwa lugha ya wenyewe. Picha ya mwanamke aliyeinama mlangoni, ambayo mwaka baada ya mwaka huchapishwa kwa maneno "Mhindi akipamba nyumba kwa Diwali", ingesomeka hivi: "Kolam, mchoro wa unga wa mchele, mlangoni mwa nyumba ya Kitamil, Madurai, alfajiri ya mwezi wa Margazhi, kati ya Desemba na Januari. Huchorwa kila siku baada ya kufagia na kunyunyiza maji, kwa kuanza na nukta, na haichorwi nyumba ikiwa na msiba."

Msomaji wenu,
Dar es Salaam